Simu Ilikuwa Imefungwa kwa Patani: Pesa Zilitokaje?

SWALI

Asalaam aleykum. Mimi ni mama wa Likoni, Mombasa, na nauza leso na madera Marikiti. Mwezi uliopita, jioni, nikishuka feri katika msongamano wa watu, nilitolewa simu mkobani bila ya kuhisi. Simu nilikuwa nimeifunga kwa patani, ule mchoro wa kidole juu ya kioo, na sikupata kumwonyesha mtu. Hata hivyo, kulipokucha, pesa zote za M-Pesa zilikuwa zimetolewa, kukawa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ambalo si mimi niliyelichukua, na jamaa zangu wawili walikuwa wametumiwa ujumbe wa WhatsApp kwa jina langu wakiombwa pesa. Nina maswali matatu. Waliifunguaje simu bila ya kuijua patani? Mwanangu ameninunulia simu nyingine. Nifanye nini kabla ya kuanza kuitumia kwa pesa? Na je, ni kweli kwamba fundi akipewa nambari ya IMEI, ile inayotambulisha simu, anaweza kuifuata ile simu ya kwanza mpaka akaipata? Simu ilikuwa ndani ya kava ya kukunja, pamoja na kitambulisho changu.

JIBU

Waalaykum salaam mama, na pole sana. Jambo ulilolitaja mwishoni, kana kwamba ni la kando, limebeba nusu ya jibu, lakini kabla ya kulifikia ni lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi wetu huviona kuwa kimoja.

Yaelekea simu yako haikufunguliwa kabisa, kwa sababu hapakuwa na haja ya kuifungua. Patani hulinda kifaa, yaani picha, ujumbe na programu zilizohifadhiwa ndani yake. Laini ni kitu kingine kinachojitegemea: ni kadi ndogo yenye utambulisho wako, na mtandao unapokutambua, unaitambua kadi hiyo, si simu iliyoibeba. Mwizi huchomoa kadi kwa sindano, akaitia katika kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, isiyo na ufunguo wowote, na tangu dakika hiyo kila simu unayopigiwa na kila ujumbe unaotumiwa humfikia yeye. Menyu ya M-Pesa nayo haikai katika simu. Huduma hiyo ilipoanzishwa nchini Machi 2007, iliundwa iweze kutumika hata kwenye simu za kawaida kabisa, na kwa hivyo menyu yake iliwekwa ndani ya kadi yenyewe. Siku hizi pia unaweza kuifikia kwa kubonyeza *334# kwenye simu yoyote iliyotiwa laini yako. Laini ikihama, M-Pesa imehama nayo, na patani hubaki nyuma ikilinda picha za harusi.

Kilichobaki kumzuia ni ile nambari ya siri ya tarakimu nne, ambayo ukiikosea mara tatu hufungwa. Mara tatu ni chache kwa mtu asiyekujua, ila huyu alikuwa na kitambulisho chako mkononi. Kitambulisho kimeandikwa tarehe ya kuzaliwa, na wezi wa simu wanajua vyema kwamba watu wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa, au siku na mwezi, au tarakimu za mwanzo au za mwisho za kitambulisho. Hizo ni bahati nasibu tatu zenye uwezekano mkubwa wa kushinda. Sikuulizi nambari yako ilikuwa ipi, nawe usimwambie mtu hata sasa, lakini kama ilitokana na chochote kilichoandikwa kwenye kadi ile, umekwisha kujijibu. Na hata asingebahatisha, nambari ya kitambulisho ni miongoni mwa mambo anayoulizwa mtu anaposema kwamba amesahau nambari yake ya siri. Kava hizi zenye mfuko wa kadi huuzwa kila kona ya mji na ni nzuri kwa macho, lakini kwa maoni yangu hazifai kubeba kitambulisho hata siku moja.

WhatsApp ilichukuliwa kwa njia hiyo hiyo. Mtu anapoisajili kwenye simu mpya, hutumiwa tarakimu sita kwa ujumbe wa kawaida, na ujumbe huo huja kwenye laini. Aliye na laini huzisoma, akaziandika, akawa ndiye wewe mbele ya jamaa zako.

Sasa tuje kwenye simu mpya. Ufunguo ambao ungelizuia mambo haya yote upo katika kila simu inayotumia laini, hata kabambe, na ni watu wachache niliowaona wakiutumia: ni PIN ya laini yenyewe, ambayo si patani wala si nambari ya siri ya M-Pesa. Ukiiwasha, kadi hukataa kufanya kazi kila inapotiwa katika simu au simu inapozimwa na kuwashwa, mpaka nambari hiyo iandikwe. Mwizi akiichomoa na kuitia kwingine, hukutana na swali hilo kabla ya kupata hata mtandao. Akikosea mara tatu, kadi hudai nambari nyingine ya tarakimu 8 iitwayo PUK, na hiyo nayo ikikosewa mara kumi, kadi huwa imekufa na haitumiki tena.

Kuiwasha ni kazi ya dakika mbili. Katika simu za Android ingia Mipangilio, kisha Usalama, utafute palipoandikwa kufunga SIM kadi. Majina ya menyu hutofautiana kutoka simu hadi simu, na katika baadhi ya simu huna budi kushuka hadi mipangilio zaidi ndipo ulione. Katika kabambe huwa chini ya mipangilio ya usalama. Utaulizwa PIN ya sasa kabla ya kuruhusiwa kuweka yako, nayo hupatikana kwenye kile kipande cha plastiki ambacho laini ilibanduliwa uliponunua, ambapo PUK pia huchapishwa. Kama kipande hicho kilitupwa, usibahatishe, kwa maana utajifungia mwenyewe. Waulize watoa huduma wa laini yako kwanza. Ukishaipata PUK, iandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani, mbali na simu. Kero ya mpango huu ni kwamba kila simu ikizimika kwa kuisha chaji utalazimika kuandika PIN kabla ya kupokea simu ya mtu. Mimi ni fundi wa simu, na wateja wangu wazee hulalamikia jambo hilo, nami huwaeleza kwamba ni kero ya mara moja moja, na kwamba si kubwa ukiilinganisha na lililokupata.

PIN ya laini haiondoi haja ya kufunga kioo, kwa kuwa simu ikinyakuliwa ikiwa imewaka, laini iliyomo ndani yake inaendelea kufanya kazi. Vyote viwili huenda pamoja. Ila badala ya patani ningekushauri uweke nambari ya tarakimu sita. Ishike simu yako ya zamani, au ya jirani inayofungwa kwa patani, uiinamishe kidogo mbele ya dirisha mchana: utaona mkondo wa jasho na mafuta ya kidole umejichora juu ya kioo, mara nyingi ukiwa katika umbo lile lile la patani. Kwa joto letu la pwani, alama hiyo huonekana wazi zaidi. Aidha, ingia sehemu ya Arifa na uzuie maudhui ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa, kwani hakuna faida ya kufunga mlango ikiwa zile tarakimu sita za WhatsApp zitajitokeza juu ya kioo kila mtu azisome.

Kwa WhatsApp yenyewe, fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, na uchague tarakimu sita zako mwenyewe. Kuanzia hapo, hata aliyeiba laini na kusoma ujumbe wa usajili ataulizwa tarakimu hizo za pili, ambazo hazitumwi kwa mtu yeyote.

Jambo ninalotaka ulisimamie kwa makini zaidi, kwa sababu huwaponyoka hata vijana, ni akaunti ya Google. Simu ya Android inapowashwa mara ya kwanza hudai akaunti hiyo, na dukani muuzaji, akiwa na haraka ya kumhudumia mteja anayefuata, humfungulia mnunuzi akaunti mpya kwa jina na nywila alizozibuni papo hapo. Mnunuzi huondoka akiwa na furaha, na nywila hubaki kichwani mwa muuzaji, au haibaki popote. Matokeo yake huonekana siku ya msiba. Huduma ya Google ya kutafuta kifaa kilichopotea, ambayo ingekuwezesha kuifunga simu au kufuta vilivyomo kutoka simu ya mwanao, huhitaji uingie kwa akaunti hiyo. Majina na nambari za simu ulizohifadhi humo hurudi katika simu mpya kwa kuingia kwa akaunti hiyo hiyo, ilhali zile zilizohifadhiwa kwenye laini hupotea nayo, kwa kuwa laini mpya utakayopewa huja ikiwa tupu ingawa nambari ni ile ile. Tena, tangu toleo la Android 5.1 la mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu inaweza kudai akaunti ya mwanzo kabla ya kukubali kutumika upya. Hilo humkera mwizi, lakini humkera zaidi mwenye mali asiyeijua nywila yake. Kwa hivyo kaa na mwanao, mhakikishe kwamba akaunti iliyomo ni yako, mbadilishe nywila, na uiandike pale pale ulipoiweka PUK.

Tufahamiane pia kwamba huduma hiyo ya kutafuta kwa kawaida hufanya kazi ikiwa simu imewaka na inaweza kuwasiliana na mtandao. Mwizi mzoefu huizima kabla hajafika mbali. Ifikirie kama njia ya kufungia vilivyomo, si ahadi ya kuipata.

Kuhusu pesa, chagua nambari ya siri isiyohusiana na kitambulisho, nambari ya simu wala tarehe za kuzaliwa za wanao, na usiitaje kwa wakala hata akisema ni kwa ajili ya kukusaidia. Kama hukihitaji kile kiwango cha kukopeshwa cha Fuliza, unaweza kujiondoa, na mtu hataweza kutoa zaidi ya ulicho nacho. Nawajua wafanyabiashara kadhaa Marikiti na Kongowea ambao laini ya biashara wameiweka katika kabambe inayobaki dukani, na simu ya kioo wanayotembea nayo ina laini nyingine yenye pesa kidogo za nauli na matumizi. Mpango huo nauunga mkono, mradi ile ya kabambe nayo iwe na PIN ya laini.

Swali lako la tatu nitalijibu kwa ufupi. Hapana. IMEI ni nambari ya tarakimu 15 inayotambulisha kifaa, na huonekana ukibonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huwa na mbili, nazo huchapishwa pia kwenye boksi. Simu inapojiunga na mtandao, kampuni ya simu huweza kuona IMEI hiyo na laini iliyotiwa ndani yake, pamoja na mnara uliotumika. Kumbukumbu hizo hukaa kwa kampuni na hutolewa kwa polisi kwa utaratibu wa sheria. Fundi wa dukani hazioni, nami nikiwa mmoja wao nakuthibitishia. Anayekuomba pesa ili aifuate simu kwa IMEI anakuibia mara ya pili. Vilevile, akikupigia mtu akajitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu na kwamba simu yako imeonekana, kisha akataka nambari ya siri au tarakimu ulizotumiwa, kata. Safaricom wametangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee, na hata ikiwa nambari hiyo ndiyo inayoonekana kwenye kioo, nambari ya siri haitajwi.

IMEI ina faida moja kubwa kwako, nayo ni kuandikishwa polisi. Kama hukuandikisha wizi, nenda kituoni hata sasa ukiwa na boksi au risiti, upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Utaihitaji pia katika kuomba kitambulisho kingine. Siku nyingine, Mungu apishe mbali, likitokea jambo kama hili, la kwanza kabisa ni kuazima simu ya yeyote aliye karibu, hata kondakta wa matatu, uwapigie watoa huduma wafunge laini. Usisubiri kufika nyumbani, wala usisubiri asubuhi. Utaulizwa maswali ya kukutambua, na laini huweza kufungwa bila ya wewe kufika ofisini.

Hilo deni la Fuliza usilinyamazie. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma, uambatanishe nambari ya OB, na uombe taarifa ya miamala yote kuanzia saa ulipoibiwa hadi saa laini ilipofungwa, kwa kuwa humo mtaonekana nambari zilizopokea pesa au wakala aliyezitoa, na polisi wana la kuanzia. Sema wazi ni saa ngapi uliwaarifu, maana watalitazama hilo kwanza. Hifadhi nakala ya barua na nambari ya kumbukumbu utakayopewa. Usiporidhika na jibu, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambao nao watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma.