Uliza Msanii: Mchezo wa kihamba mbele ya ukoo

SWALI
Shikamoo mama. Mimi ni mchoraji, naishi Pasua, Moshi. Mabango ya maduka ndiyo yananilisha, lakini kwa muda sasa nimekuwa nikipanda Uru kuzungumza na kina mama wajane walioondolewa kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, baada ya waume zao kufariki. Nimewarekodi kwenye simu, nimewachora, na wenzangu wawili wapiga ngoma wamekubali tuunganishe picha, sauti, igizo na ngoma kuwa onyesho moja. Nataka tulifanye Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi na koo zinakutana. Shida ni kwamba mama mmoja, mwenye simulizi nzito kuliko zote, ameanza kusitasita. Nikibadilisha jina lake haitoshi? Na wazee wakisusa nifanyeje?
Mchoraji, Pasua

JIBU
Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo mama, Desemba itasubiri.

Kubadilisha jina hakutoshi. Uru watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Ukisema tu "mjane mwenye mabinti watatu, shemeji yake ana lori", anayeuza mbege kule njia panda ameshajua ni nani. Onyesho likiisha wewe unapanda daladala unashuka Pasua. Yeye analala palepale, na huyo shemeji ndiye jirani yake. Mrudie. Nenda na sukari kama mtu aliyelelewa, ukiwa na simu umwonyeshe unavyoifuta ile rekodi, au umwachie nakala kama anaitaka. Na usimuulize mara ya pili kama ana uhakika.

Halafu waite kina mama wote kwa pamoja, mwenzako wa kike awaongoze, wewe ukae nje. (Ndiyo, nje. Najua kazi ni yako.) Waambie watunge mjane ambaye hayupo. Mmoja atampa shemeji, mwingine atampa karatasi aliyoitia dole gumba bila kusomewa, mwingine atampa kikao cha ukoo kilichofanyika yeye akiwa ametumwa sokoni Mbuyuni. Mtapata mtu ambaye kila mama anamfahamu, na shemeji atakayesimama kulalamika kwamba anasemwa yeye atakuwa amejianika mwenyewe.

Sasa hizo fani zako. Umeziorodhesha kama viungo vya pilau, na hapo ndipo nina ugomvi na vijana wengi wanaojiita wasanii wa fani mchanganyiko. Mnazichanganya kwa sababu mnaziweza. Mimi nashona, naigiza na narekodi sauti, na kila moja naiingiza pale tu ambapo nyingine imegoma. Kuna mama hatafungua kinywa mbele ya wanaume wa ukoo hata umbembeleze vipi. Mpe majivu achore kihamba chini: hapa migomba, hapa kahawa, hapa mfongo, mfereji wa maji, unapita, hapa kaburi la mume. Kisha mwombe achore mpaka ulikokuwa, na ulipo leo. Atakuwa ameshasema yote. Wewe mchoraji usiguse hayo majivu. Tamaa ya kunyoosha mistari utaipata, izuie.

Na mnayo masale! Sijui kwa nini hukuyataja. Kila aliyekulia mlimani anajua kwamba masale ndiyo mpaka wa kihamba, na kwamba jani lake ndilo hupelekwa mtu anapoomba msamaha. Mwigizaji aking'oa sale moja akalipanda hatua chache ndani ya shamba la mjane, mtasikia watu wanavyoguna, na mtakuwa mmeokoa kurasa mbili za maneno. Litumieni lililooteshwa kwenye kopo, msiguse la mpaka wa mtu, na mumuulize mzee kwanza, kwa sababu mmea huo una uzito wake.

Kuhusu namna ya kuigiza, nakuomba usifunge hadithi. Mbrazili Augusto Boal, aliyefukuzwa na udikteta wa nchini kwake, alikuwa Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970 akifanya maigizo ambayo watazamaji walipendekeza suluhisho na waigizaji wakalijaribu. Siku moja ikachezwa habari ya mke asiyejua kusoma: mumewe amempa karatasi amtunzie, akimwambia ni za nyumba wanayojenga, kumbe ni barua za hawara. Mama mmoja kwenye umati akapendekeza mke afanye nini. Waigizaji wakajaribu, akakataa, si hivyo. Wakarudia, akakataa tena kwa hasira. Boal akamwambia basi panda ucheze mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, akamtandika yule aliyeigiza mume. Kuanzia hapo Boal akawa anawaachia watazamaji jukwaa.

Wewe pia una mjane na karatasi isiyosomwa. Chezeni mara moja hadi mwisho mbaya. Mkirudia, simamisheni pale kwenye kikao cha ukoo, muwaulize watazamaji: nani aje akae kwenye kiti cha mjane? Abadilishwe mjane peke yake. Ukiruhusu mtu ambadilishe shemeji, ataingia shemeji mwema, kihamba kitarudishwa kwa dakika mbili, watu watapiga makofi, na kesho yake mashemeji wa kweli watakuwa walewale.

Uweke msaidizi wa kisheria, si jukwaani, pembeni, na daftari lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke mtu mzima kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na inakataa mila inayomnyima ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilikubali kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza. Lakini urithi una mambo yake: kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwatanguliza wanaume. Kwa hiyo mwigizaji wako asiahidi ushindi. Kila kesi ikazungumziwe kwenye lile daftari.

Wazee. Wengi hususa kwa kuwa wameshajua watachezwa wabaya. Wahi kwao kabla ya mazoezi, upitie kwa mwenyekiti wa kitongoji, na umwombe mzee mmoja aeleze mbele ya watu kihamba kiligawanywaje enzi za baba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipofanya sanaa za maonyesho na wanakijiji wa Malya, Mwanza, hawakwenda na tamthilia mfukoni. Nenda vilevile.

Desemba, hapana, si ya kwanza. Watu wamechinja, wamelewa, wanadaiana michango. Mgeni wa Pasua atakayekuja na igizo ataonekana hakimu. Anza Oktoba na wanaobaki mlimani mwaka mzima. Wakilipenda, Desemba wenyewe watakuita.

SWALI
Mama, tunafanya hadithi na michoro ya ukutani na vijana wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha. Mfadhili anataka ushahidi kwamba jamii imebadilika. Nimwandikie nini?
Kijana wa Kijenge

JIBU
Usimwandikie kwamba jamii imebadilika. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ulipoanza mwaka 1993 eneo la Dodoma liliachwa bila kuusikia hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Nyie hamna Dodoma. Andika mlichokiona: nani hakuwa akisema na sasa anasema, nini kilipelekwa kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti alijibu nini, nani aliacha kuja na kwa nini. Picha ya umati inathibitisha tu kwamba spika yenu ni kubwa. Na nauli ya kurudi mtaani miezi sita baadaye iingize kwenye bajeti sasa hivi. Mfadhili akitaka kupunguza, apunguze fulana.