Re: Redio inasahau saa na stesheni kila nikizima gari

Ndugu, kwa ulivyoeleza, redio inalia vizuri ukiwasha gari lakini ukizima inasahau kila kitu, na tundu la kiwashia sigara nalo limekufa. Usinunue redio mpya bado.

Redio ina njia mbili za umeme. Waya wa njano kwa kawaida hubeba volti 12 muda wote, na ndio unaotunza kumbukumbu. Mwekundu hupata umeme ukiwasha swichi tu. Wako wa njano inaelekea hauna kitu. Kwenye magari mengi ya zamani fyuzi ya kumbukumbu hiyo ndiyo hiyo hiyo ya kiwashia sigara, kwa hiyo naishuku hiyo kwanza. Chungulia ndani ya tundu pia. Mimi niliwahi kuunguza fyuzi tatu mfululizo kabla ya kukuta sarafu imelala humo chini! Toa betri kabla ya kuingiza koleo.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa redio upime waya wa njano kwa multimita (kipima umeme), swichi ikiwa imezimwa. Kama mwekundu ndio una umeme na wa njano hauna, aliyefunga redio alizigeuza. Zibadilishe nafasi tu.

Ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) siishuku sana, ingawa bolti yake ikiwa na kutu huleta vituko. Na tafadhali, fyuzi ya ampea 15 irudishe ya 15. Ukiweka ya 30, waya ndio utakaoungua.