Maswali na Majibu: Mikono Isiyolingana katika Ufungaji wa Kamba wa Kijapani

Maswali ya safari hii yote yanatoka kwa watu wazima wanaofungana kamba kwa ridhaa, kwa mtindo ambao Wajapani huuita shibari au kinbaku, na karibu yote yanahusu jambo moja: nini hutokea pale mkono mmoja unapowekwa tofauti na mwenzake. Nimeyafupisha baadhi, lakini hoja za wasomaji sikuzigusa.

Mimi na mume wangu tumejifunza ule mkao wa kukunja mikono yote miwili nyuma ya mgongo, lakini bega langu la kulia huanza kuuma hata kabla kamba haijanigusa. Je, nikubali kwamba jambo hili si langu? (Msomaji, Arusha)

Hapana, dada yangu. Kubali tu kwamba mkao huo si wako. Mkao mnaousema huitwa takate-kote, jina linalotaja sehemu ya juu ya mkono na sehemu ya chini kwa pamoja, nao umeenea kiasi kwamba wanaoanza huudhani kuwa ndio mlango pekee wa kuingilia. Kwa kweli unadai mabega mawili yanayozunguka kwa kiwango kimoja, na watu wenye mabega ya namna hiyo si wengi.

Madaktari wa mifupa wana kipimo chepesi kinachoitwa kipimo cha Apley, ambacho mnaweza kukifanya sebuleni: pitisha mkono mmoja juu ya bega ukishuka mgongoni, upitishe mwingine kwa chini ukipanda, kisha tazama vidole vimekaribiana kiasi gani, baada ya hapo badilisha mikono. Mara nyingi utaona kwamba mkono unaoutumia zaidi katika kazi za kila siku hauwezi kupanda mgongoni kama mwenzake. Kwa wengi huo ni wa kulia, na maelezo yako yanakubaliana na hilo, ingawa maumivu yanayokuja bila kamba yanastahili kuonwa na daktari kwanza.

Mpangilio usiolingana unaanzia hapo, kwenye mwili wenyewe. Picha iliyomvutia mfungaji inakuja baadaye sana. Mkono wako wa kushoto unaweza kukunjwa nyuma, huku wa kulia ukipita mbele ya kifua hadi kiganja kishike bega la kushoto, au ukilazwa tu ubavuni na kufungwa karibu na nyonga. Kaeni kwanza katika mkao huo bila kamba kwa dakika 10, mkizungumza mambo yenu ya kawaida, na kama bega halijalalamika ndipo mfunge. Ningependa pia kila mkono uwe na kamba yake inayojitegemea, ili mmoja ukichoka ufunguliwe bila kuugusa mwingine; wanaozungusha kamba moja ndefu mwili mzima hujikuta wanalazimika kufumua kila kitu kwa sababu ya kidole kimoja kilichokufa ganzi.

Nimeona mkao ambao kiwiko kimoja kinaelekea juu kando ya kichwa, mkono mwingine uko nyuma kwa chini, na viganja viwili vinavutana mgongoni. Unaitwaje, na je, ni wa hatari? (Msomaji, Mombasa)

Unaitwa teppo, yaani bunduki, kwa sababu aliyefungwa anafanana na askari aliyebeba bunduki mshazari mgongoni. Neno hilo lilihusu hasa zile bunduki za utambi ambazo Wareno walizifikisha katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543. Huenda ndio mkao usiolingana unaojulikana zaidi katika sanaa hii, na ukiutazama vizuri utagundua kwamba ni kile kipimo cha Apley nilichokieleza hapo juu, isipokuwa safari hii kuna kamba inayokuzuia kurudi ulikotoka.

Hatari yake ni kwamba mikono miwili iko katika shida mbili tofauti kwa wakati mmoja. Mkono wa juu umekunjwa kabisa kwenye kiwiko, na kiwiko kikikunjwa hivyo neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko na kukupiga kama umeme unapojigonga mezani, inavutwa na kubanwa. Aidha, bega lililoinuliwa linaweza kupunguza nafasi ya neva na mishipa ya damu inayopita kati ya shingo na kwapa. Mkono wa chini hauna tatizo hilo, lakini bega lake limezungushwa kwa ndani hadi karibu na mwisho, na kamba ikiuvuta kuelekea juu, viungo vya mbele ya bega ndivyo vinavyolipa gharama.

Kamba inayounganisha viganja viwili, kwa hiyo, isitumike kuvikaribisha. Kama vidole havikutani vyenyewe, acha pengo hilo hilo na ulijaze kwa kamba, hata likiwa la sentimita 30. Pengo lile, kwa macho yangu, ndilo lenye uzuri, kwa sababu linaonyesha mwili huu ni wa nani. Katika nyumba yetu mkono wa juu haukai zaidi ya dakika 5, na anayefungwa ana haki ya kuzifanya kuwa 2.

Huku kwetu kuna kandoya, na wazee wetu wanaikumbuka vibaya. Kuna tofauti gani hasa, au ni jambo lile lile lililovishwa nguo za Kijapani? (Msomaji, Kampala)

Swali hili nimelisoma mara nyingi kabla ya kulijibu. Kandoya ni kumfunga mtu viwiko nyuma ya mgongo, vikivutwa hadi vigusane au vikaribie kugusana, na katika miaka ya 1980 Amnesty International iliandika kuhusu matumizi yake nchini Uganda kama mateso: kifua kinatanuka kwa nguvu, kupumua kunakuwa kazi, na wapo walioachwa na mikono iliyopooza. Mtu aliyeona hayo, au aliyelelewa na aliyeyaona, hana wajibu wa kupenda mikono ya mtu yeyote ikiwa nyuma ya mgongo, na mwenzi wake asimbembeleze.

Wala sitadai kwamba asili ya Kijapani ni safi. Chini ya kinbaku kuna hojojutsu, ufundi wa kuwafunga watuhumiwa na wafungwa katika zama za Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, wakati ambapo kumning'iniza mtu kwa kamba kulikuwa miongoni mwa njia za kumlazimisha aungame; mateso ya kisheria yalifutwa huko mwaka 1879. Mchoraji Ito Seiu, aliyeishi kati ya mwaka 1882 na 1961, ndiye anayetajwa sana kama mtu aliyeyachukua maumbo hayo na kuyageuza kuwa sanaa ya mahaba. Kwa hiyo asili inafanana kuliko tunavyopenda kukiri. Tofauti iko kwa anayefungwa: yeye ndiye aliyeomba, anaweza kusema basi, na likisemwa kamba inafunguka. Tofauti ya mwili ipo pia, kwa kuwa katika takate-kote viwiko hukaa mbalimbali na sehemu za mikono kutoka kiwiko hadi kiganja hulazwa sambamba, moja juu ya nyingine.

Kwa anayesumbuliwa na kumbukumbu hizo, mpangilio usiolingana unaweza kufaa kuliko mwingine wowote, maana unawezekana bila mkono hata mmoja kwenda nyuma: mmoja mbele ya kifua, mwingine huru kabisa. Mkono ulio huru haupunguzi chochote. Wapo wanaouona kuwa sehemu inayosema zaidi, kwa kuwa mwenye nao angeweza kujifungua na hajifungui.

Nitajuaje kwamba neva inaumia? Nasubiri ganzi? (Msomaji, Dodoma)

Usisubiri ganzi, kwa sababu huenda isije. Neva inayoumia mara nyingi katika ufungaji huu ni ya radiali, ambayo inazunguka nyuma ya mfupa wa sehemu ya juu ya mkono, kati ya bega na kiwiko, na kujitokeza upande wa nje, katika nusu ya chini kuelekea kiwiko. Inaweza kubanwa pasipo maumivu wala kuwashwa, na dalili ya kwanza ikawa udhaifu tu. Kwa hiyo mwombe mwenzako ainue kiganja kuelekea nyuma huku wewe ukikizuia kidogo kwa mkono wako. Kisha atanue vidole vyote, kwa ajili ya neva ya alna. Kisha aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada na usiweze kuvitenganisha kirahisi, kwa ajili ya neva ya kati. Yafanye majaribio hayo kabla ya kufunga ili ujue nguvu zake za kawaida, kisha uyarudie kila baada ya muda mfupi.

Katika mpangilio usiolingana kuna mtego mmoja: anayefungwa huulizwa, "Mikono vipi?" naye hujibu kwa niaba ya mkono unaouma zaidi, au kwa niaba ya ule ulio sawa. Uliza kwa majina, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Rangi ya zambarau kwenye vidole inaonyesha damu inarudi polepole na inafaa kuangaliwa, lakini kiganja chenye rangi nzuri kisichoweza kujiinua ndicho cha kukutisha. Hapo fungua mara moja, au kata kwa mkasi wa huduma ya kwanza wenye ncha butu, ambao unapaswa kuwa karibu na mkono wako tangu mwanzo. Kiganja kikiendelea kulegea baada ya kamba kutoka, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na mseme wazi kwamba mkono ulibanwa na kamba. Neva nyingi zilizobanwa hupona, ingawa zinaweza kuchukua wiki au hata miezi.

Je, naweza kutumia kamba ya mkonge? Hapa Tanga haikosekani. (Msomaji, Tanga)

Inashika vizuri, lakini nyuzi zake ni ngumu na huchoma ngozi, hasa ya ndani ya kiwiko. Wafungaji wengi hutumia kamba ya juti, nyuzi zile zile za magunia, yenye unene wa milimita 6 hivi na urefu wa mita 7 au 8, ikikunjwa katikati na kufungwa maradufu. Mkonge uache kwa mizigo.

Je, mpangilio usiolingana unafaa kwa kumning'iniza mtu? (Msomaji, Nairobi)

Si kwa kujifunza kutoka kwenye safu kama hii. Uzito wa mwili hautagawanyika sawa, na mkono mmoja utaubeba. Bakini sakafuni.

Mkono upi uwe juu, wa kulia au wa kushoto? Mke wangu anasema kuinua wa kushoto kunaonekana vibaya. (Msomaji, Zanzibar)

Sisi tuliofundishwa tangu utotoni tusimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto lazima tuone hivyo, na sioni sababu ya kumbishia. Katika kupanga maua kwa Kijapani kuna mitindo inayotumia matawi makuu 3 yenye urefu tofauti, na mpangilio unaweza kuelekea kulia au kushoto kutegemea mahali chombo kitakapowekwa. Nanyi chagueni hivyo hivyo, ila bega lipewe kura ya kwanza na macho ya pili.

Wakati wa kufungua tuanze na mkono upi? (Msomaji huyo huyo)

Ule uliokaa juu. Kabla hujalegeza fundo, shika kiwiko chake kwa mkono wako mwingine, kisha ukishushe polepole kupitia mbele, ukisimama kila anapokuomba usimame, kwa sababu bega lililokaa juu huuma zaidi wakati wa kurudi kuliko lilipokuwa limefungwa.