Ulipulizia saa ngapi?

Wiki hii msomaji wa Kongwa kaniandikia kwa hasira: kapulizia miche yake fangasi wa kuua wadudu, kesho yake kakuta mchwa wanapita kama kawaida. "Umetudanganya, kaka." Ndugu yangu, kaa nikusimulie.

Shamba langu la miti lipo Chamwino. Nilipoanza, mchwa walikuwa wanaguguna mikaratusi shingoni, chini ya udongo. Mche unauona wa kijani, ukiushika unabaki nao mkononi. Nilipoikataa sumu kali nikaleta fangasi, jirani mmoja alitangaza kilabuni kwamba nalisha mchwa unga. Siku hizi anaomba kivuli cha kuegeshea pikipiki. Nampa, ila sijasahau.

Fangasi hawa, Metarhizium na Beauveria, hawahitaji kuliwa na mdudu. Spora, yaani kichembe ambacho fangasi huota kutoka kwacho kama mbegu, ikimgusa inanata kwenye ngozi, inaota, inatoboa, inammaliza kwa ndani. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Tena si hadithi ya jana: Agostino Bassi wa Italia alionyesha mwaka 1835 kwamba ni fangasi waliokuwa wakiua viwavi wa hariri. Na hapahapa Tanzania, 2009, nzige wekundu wa Katavi na Rukwa walinyunyiziwa Metarhizium kutoka angani.

Adui wetu Dodoma ni jua. Linaua spora, na ukame hauziruhusu kuota. Kuna muuza pembejeo aliniuzia pakiti zilizokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua mchana kutwa. Hazikufanya kitu. Nilipomrudia akaniambia labda mchwa wangu wamerogwa! Hela yangu hajarudisha mpaka leo.

Kwa hiyo: jioni. Subiri mvua za Desemba zishike, udongo uwe na unyevu, na ufanye kazi jioni. Usihangaike na majani. Changanya kwenye udongo wa shimo unapopanda, mimina na kwenye kichuguu. Mchwa husafishana miili na kufukia wenzao waliokufa, ukigusa wachache juujuu hujafanya lolote. Pakiti iwe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ikae kivulini. Na jioni, nimesema.

Tatizo letu tunataka kila kitu kife leo, halafu miti tunaitaka ya miaka ishirini. Shamba halikimbizwi.

Sasa wewe wa Kongwa, bomba lako lilishawahi kubeba dawa ya ukungu wa nyanya? Maana hiyo inaua fangasi wako pia. Nijibu hilo, na unitajie ulipulizia saa ngapi.