Msimu wa korosho, watoto wamebaki na nani kanisani?

Msimu wa korosho ukianza, kanisani kwetu watoto huongezeka na wazazi hupungua. Baba na mama wako shambani, wengi wanalala hukohuko kibandani wakiokota na kulinda, na watoto wanaosoma wanabaki mjini na bibi, au na dada aliyemaliza kidato cha nne, au na jirani. Jumamosi wanashinda kanisani. Wanafanya mazoezi ya kwaya, wanafagia uwanja, wanachezea kinanda mpaka umeme ukatike. Ukimpigia mzazi ukamuuliza mtoto yuko wapi, anakujibu kwa amani kabisa: yuko kanisani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa wilayani Masasi, miaka mingi sasa, na nimo kwenye kamati ndogo ya ulinzi wa watoto na wasiojiweza ya kanisa letu. Jibu hilo la mzazi ndilo linaloninyima usingizi. Kanisani wapi? Ukumbini, ofisini, stoo ya vyombo vya muziki, nyumbani kwa mwalimu wa kwaya, au mgongoni kwa bodaboda ya kaka fulani anayejitolea kuwarudisha watoto saa mbili usiku?

Kamati yetu ilipoanza, kila mjumbe alikuja na mtu wake wa kumshuku. Mmoja alimtaja kijana aliyehamia hivi karibuni. Mwingine alimtaja mzee fulani asiyeongea na watu. Nilichojifunza kwenye kazi hii ni kwamba orodha za namna hiyo hazimlindi mtoto yeyote. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa waliowafanyia walikuwa watu wanaowafahamu. Kanisani mtu anayefahamika ni yule anayesifiwa: anawahi, anajitolea, anapenda watoto, anatoa na nauli mfukoni mwake. Basi tukaacha kujadili tabia za watu, tukaanza kujadili milango.

Wa kwanza ulikuwa wa stoo ya muziki. Chumba chenyewe ni kidogo, kina spika mbili, kinanda na rundo la sare za kwaya, na mlango wake ulikuwa wa mbao nzito unaofungwa kwa komeo la ndani. Komeo la ndani! Chumba cha kuhifadhia spika kinafungwa kwa ndani ili iweje? Fundi alikuja na msumeno, akakata nusu ya juu ya mlango, akapigilia wavu wa waya, komeo akaling'oa akaliweka nje pamoja na kufuli. Ukipita uwanjani sasa unaona mpaka ukuta wa pili. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba wezi wataziona spika. Tukamjibu kwamba wezi walijua zilipo tangu siku zilipoletwa, maana zilizinduliwa kwa ibada.

Baada ya stoo tulikwenda ofisini, kisha vyooni, kisha kwenye kile chumba cha nyuma ya madhabahu ambacho hakuna aliyekuwa na hakika funguo zake ziko ngapi. Ukitaka kuanza mahali fulani kanisani kwako, anza na funguo. Waombe wote wanaozishika wazilete mezani siku moja. Utashangaa zitakavyokuwa nyingi, na nani anazo.

Kanuni iliyoleta maneno mengi ni ile ya watu wazima wawili. Mtoto hafundishwi, haombewi, hasafirishwi wala hashauriwi na mtu mzima mmoja mahali pasipoonekana. Kuna aliyeniuliza usoni, "Mwalimu, ina maana mnatushuku?" Nilimkumbusha kwamba sadaka yetu huhesabiwa na watu watatu kila Jumapili, na mhasibu hajawahi kununa kwamba ameitwa mwizi. Kanuni hii inamhusu mchungaji, inanihusu mimi, inamhusu mgeni anayekuja na semina ya siku tatu. Ukimpa ruhusa ya pekee mtu mmoja kwa sababu ni mtumishi anayeheshimika, umeshaifuta.

Nitoe mfano wa maombezi, maana huko ndiko faragha inakozoeleka zaidi. Msichana ana ndoto mbaya, au anaanguka darasani, na mtumishi anasema ana pepo linalohitaji kushughulikiwa peke yake, chumbani, usiku. Kwetu sasa maombi ya kuwekewa mikono hufanyika ukumbini, mchana, mama au shangazi akiwepo, na mkono unawekwa kichwani au begani basi. Hakuna kumfunga mtu kamba, hakuna kumpiga ili pepo litoke, hakuna kumnyima chakula mtu mgonjwa kwa kisingizio cha mfungo. Na hakuna kumwambia mtu aache dawa, iwe za kifafa, za akili au ARV. Anayesema "umepona, tupa vidonge" anamtesa mgonjwa, hata kama anasema hivyo kwa machozi.

Simu nazo. Mwalimu wa kwaya kumtumia binti wa miaka kumi na minne ujumbe saa tano usiku, "umelala?", si malezi ya kiroho. Taarifa za mazoezi zinakwenda kwenye simu ya mzazi au mlezi, au kwenye kundi la WhatsApp ambalo wazazi wamo. Zawadi za vocha, viatu na nauli zinapitia kamati ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, zikatolewa kwa jina la kanisa. Tulipolitangaza hili walionuna ni wachache, na walikuwa watu wazima. Watoto wenyewe hawakuona tatizo.

Sasa niseme jambo ambalo huku kwetu halisemwi sana. Mtoto wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao anakua akijua kwamba ya jandoni hayasemwi nyumbani, na ya unyagoni vilevile. Sipingi mila. Kanisa lenyewe lina historia nayo: askofu wa kwanza wa Masasi, Vincent Lucas, aliyeanza uaskofu 1926, anakumbukwa kwa kulifanya jando liwe la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Lakini mtu mwenye nia mbaya anautumia usiri huohuo kwenye kambi ya vijana au kambi ya Pasaka. "Haya ni ya kambini, ukiyasema umeivunja siri." Mtoto aliyelelewa vizuri, mwenye adabu zake, ndiye atakayenyamaza. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kambi, wazazi na watoto wakiwa pamoja, mchungaji mwenyewe anasimama na kusema kwa sauti: kwenye kambi hii hakuna jambo ambalo mtoto haruhusiwi kumwambia mama yake. Anawataja na watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mtoto anaweza kuwafuata, na namba 116 anaiandika ubaoni. Hiyo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure.

Mtoto akikufuata, pengine hatakueleza lolote. Atazunguka. Mmoja alinifuata akasema hataki tena kuimba sauti ya kwanza. Mama yake alidhani ni kiburi. Usimkimbilie kwa maswali ya kipelelezi, usimtajie jina la mtu ("ni fulani, eh?"), maana ukimlisha maneno utaharibu hata kesi. Mwache aseme kwa maneno yake, kisha mwambie: umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia. Ukitoka hapo andika alichosema, kwa maneno yake hasa, na tarehe na saa.

Kama ameingiliwa, muda ni mali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa, pamoja na kinga ya mimba kwa binti aliyevunja ungo. Asioge, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na huko utapewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Lakini mtoto anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, asikalishwe kwenye benchi kusubiri karatasi. Mpigie na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri.

Hapa ndipo wazee wanapoingia. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Chai inaletwa, neno linasomwa, halafu mtu anasema tuyamalize kifamilia, tusilitie aibu kanisa. Upande wa pili uko tayari kutoa kitu. Baba wa mtoto anaangalia chini kwa sababu korosho hazijalipwa bado na ada inadaiwa. Elewa hivi: kubaka ni jinai, adhabu yake kwa kawaida haipungui miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Familia mbili na mzee wa kanisa hawana mamlaka ya kuifuta. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwanajamii yeyote, na katekista yumo, na mke wa mchungaji yumo. Na wale wanaosema "ni neno la mtoto tu" wajue kwamba kwenye makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Wala makanisa ya dunia hayajanyamaza. Waraka wa Papa Fransisko wa Mei 2019 uliwabana mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji, ukayataka majimbo yote yawe na njia ya kupokea malalamiko, na uliwataja pia watu wazima wasioweza kujitetea. Baraza la Ushauri la Anglikana lilipitisha mwongozo wake wa usalama kanisani mwaka huohuo Hong Kong. Anayekuambia hizi ni fujo za haki za binadamu, mwulize amesoma nini cha kanisa lake mwenyewe.

Watakuletea pia Zaburi ya 105, "msiwaguse masihi wangu", wakimaanisha mtumishi wa Mungu haguswi. Isome kuanzia mistari ya juu. Inawazungumzia watu wachache, wageni, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa bila mtetezi, na wanaoonywa pale ni wafalme. Mimi nikiisoma namwona mtoto aliyeachwa mjini na bibi yake.

Anayetuhumiwa anakaa pembeni mara moja, analipwa posho yake kama anayo, hadi uchunguzi uishe. Hilo linamlinda na yeye pia. Jambo moja tu lisifanyike kamwe: kumhamishia kigango kingine au wilaya nyingine kimyakimya. Huko nako kuna watoto.

Watu wazima wasiojiweza nimewachelewesha, kama kanisa linavyowachelewesha. Huku kwetu unyanyasaji wao mwingi unavaa nguo za msaada, na unaongezeka fedha za korosho zikitoka. Malipo siku hizi yanapita kwenye chama cha msingi cha ushirika na kuingia benki. Bibi asiyeona, au mzee aliyepooza, anahitaji mtu wa kwenda naye kwenye mashine, na kijana mwema wa kanisa anajitolea, anapewa kadi na namba ya siri. Bibi mmoja niliyekuwa nikimtembelea alikuwa akipapasa chini ya godoro mara kwa mara tukiongea. Nilipomuuliza anatafuta nini alisema kadi, halafu akasema, "Lakini anayo mjukuu wangu wa kanisani, hajaniletea." Alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumchongea mtu. Sasa anayemsindikiza mzee benki anakwenda na mtu wa pili, kadi inarudi mkononi mwa mzee siku ileile, na fedha zinahesabiwa mbele ya ndugu wa damu. Sadaka ya shukrani akitaka kutoa, ataitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siku nyingine. Wanaotembelea viziwi na wenye ulemavu wa akili nao wanakwenda wawili, na kwa kiziwi tunajitahidi mkalimani asiwe mtu yuleyule kila mara, ili akiwa na la kumsema mkalimani mwenyewe apate pa kulisemea.

Kilichobaki kutushinda ni usafiri wa jioni. Tumesogeza mazoezi ya watoto hadi saa tisa alasiri ili saa kumi na moja kila mtu awe njiani, wakitembea kwa makundi ya mtaa mmoja. Mwalimu wa kwaya analalamika kwamba saa tisa bado yuko sokoni na biashara yake. Ana haki ya kulalamika, na tumekubaliana atafutiwe msaidizi kabla mnada wa kwanza wa korosho haujaanza.