Tairi mpya zitie nyuma

Ndugu yangu, umeuliza kama utie tairi mbili mpya za aina nyingine mbele, kuukuu zibaki nyuma. La, mpya zitie nyuma, hata kama gari lako lavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma zikiwa kipara, mvua ya Mei ikishuka na maji yakatuama pale Makupa, Mombasa, mkia wa gari huteleza ghafla, na kuurudisha ni kazi kwelikweli.

Aina mbili si neno, mradi kila ekseli, ya mbele na ya nyuma, iwe na jozi moja: saizi moja, meno ya muundo mmoja. Radiali (ambazo nyuzi zake za ndani zapita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo) na zisizo radiali usichanganye kabisa.

Kabla ya kulipa, soma ubavuni tarakimu nne za lini tairi ilitengenezwa, mwisho wa namba ya DOT. 3519 ni wiki ya 35, mwaka 2019. Mimi niliuziwa moja “mpya”, nikafuta vumbi kwa kidole, nikakuta 2214.