Datsun 240Z au Subaru Impreza WRX ya kwanza?

Ndugu, umeuliza ununue ipi kati ya hizi mbili hapa Kampala, gari la kufurahia, si la kazi. Zote nimeziendesha na kuzifungua. Mimi nasema Datsun, na najua wapenzi wa Subaru watanipinga.

Impreza ni gari hodari, tusiidharau. Ilitoka 1992 na injini ya lita 2 yenye turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu za farasi 240, tairi zote nne zinavuta. Mvua ikinyesha barabara ya Busiika ikawa tope tupu, itapita pale Datsun itakapoanza kuteleza. Turbo pia haisumbuliwi sana na mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi. Vipuri vyake havikosekani soko la Kisekka.

Shida ni kuipata ambayo haijachezewa. Nyingi nilizokagua zimeongezwa presha ya turbo bila kupima chochote, na injini ya namna hiyo ikipasua pistoni, pesa uliyotenga kwa mwaka mzima inaishia hapo. Tangu sheria ya 2018 ipige marufuku kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15, tunachagua kati ya yale yaliyomo nchini tu.

Datsun ina silinda sita za mstari mmoja, cc 2,393, inasukumwa na tairi za nyuma. Usukani hauna pawa, kwa hiyo kuegesha ni kazi, lakini ukishika kasi kwenye barabara ya vumbi unaisikia kila changarawe mikononi. Hapo ndipo iliponiteka. Kabureta zake mbili, zinazochanganya petroli na hewa, zikiachwa bila kurekebishwa kwa mwinuko huu, zinamwaga petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Dawa yake ni rahisi: fundi anapunguza petroli ya kila kabureta, kisha anazilinganisha: anachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza, anasikiliza hewa inavyovuma. Anahamia ya pili, anageuza skrubu kidogo kidogo mpaka mivumo ifanane. Injini inatulia ukiiona, na hakuna kompyuta iliyoguswa.

Heshima yake nayo si ya kupewa bure. Ilishinda mbio za magari za East African Safari 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, na 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa Uganda. Impreza nayo ilishinda Safari 1997 na 2000, sikatai.

Kinachoua Datsun ni kutu. Ukienda kuikagua, beba sumaku. Anzia chini ya betri, shuka kwenye sakafu, kisha zile reli za chini zinazobeba bodi. Sumaku isiposhika, hapo pana puti, ile lipu ya kuziba mashimo, badala ya bati. Kama ni kwenye reli, ondoka, hata injini iwe nzuri namna gani.